Nta Haiozi

Springfield, Virginia
9 Machi 2024

Dada yangu Sikujua,

Assalam alaykum. Huku wazima. Baridi imeanza kulegea lakini asubuhi bado nakwangua barafu kwenye kioo cha gari kwa kadi ya benki, maana kikwangulio kimevunjika na naona uvivu kununua kingine. Ummu anakusalimu, amebadilishiwa zamu kazini na analalamika miguu. Nuha ametimiza mwaka na wiki tatu. Anatembea akishikilia makochi, na neno lake la kwanza, utacheka, ni "no". Nimemwambia shangazi yake naye alianza hivyo hivyo.

Wazir wa Columbia Heights anasafiri wiki ijayo na mizigo yake, nimempa barua hii. Kwenye simu siwezi kusema kitu. Simu ya Mama mnaiweka spika, na mtaa mzima wa Ng'ambo unajua nimekula nini. Tangu nikiwa shule ya bweni sisi maneno yetu ni ya karatasi, na yaendelee hivyo.

Ombi langu ni nta. Ile ya Laurean, mfuga nyuki wa Sikonge, uliyompa Mama aje nayo mwaka jana imebaki kipande cha ngumi. Unaijua starehe yangu, nilikwambia. Ferdinand, yule Mkongomani tunayefanya naye matengenezo ya majengo, ndiye aliyenipeleka klabu ya shabaha, watu wazima tunapiga karatasi kwa bastola za zamani. Risasi tunaiyeyusha na kujimiminia wenyewe kwenye kalibu. Sasa risasi hiyo ikipita kavu inajikwangua ndani ya mtutu, inaacha utando wa kijivu, na shabaha inakwenda kombo. Kwa hiyo inapakwa mafuta mazito. Ya dukani yapo, lakini utamu wake ni kutengeneza yako na kuyajaribu.

Nimejaribu makopo manne. Namba moja, nta na mafuta ya nazi: moshi, halafu yaliyeyuka yote kwenye gari. Namba mbili, nta na samli: yalinukia sikukuu, klabu nzima ikaona njaa. Namba tatu, nta na grisi ya magari: afadhali nisiseme. Namba nne, dada! Nta ya Tabora na mafuta ya kondoo. Nilipiga risasi ishirini na tano, nikapitisha kitambaa, nikamulika tochi, mtutu unang'aa kama jana umetoka kiwandani. Wamarekani wananibembeleza niwaambie nimetia nini. Siwaambii ng'o. Kwenye kopo nimeandika kwa Kiswahili, wakodoe macho mpaka wachoke.

Kuhusu Mama kurudi huko mapema. Najua umeshasikia upande wake. Nuha alipimwa damu alipofikisha mwaka, kama wanavyopimwa watoto huku, wakakuta madini ya risasi: kumi na mbili, na wao wanataka isifike nne. Nesi wa kaunti akaja nyumbani kuuliza maswali, akasema wanja wa kutoka nje mara nyingi una madini hayo. Na Mama alikuwa akimpaka Nuha wanja. Ndiyo hivyo tu. Hakuna anayemlaumu. Ummu alipandisha sauti kwa hofu ya mzazi. Mwambie Mama yameshapita.

Tabora si hapa na hapa, lakini jitahidi nipate hata kilo mbili.

Mdogo wako,
Khalfan


Tabora, Ng'ambo
16 Aprili 2024

Khalfan,

Wa alaykum salaam. Barua yako imefika siku ya Idi, nikaisoma nikiwa na unga mikononi. Tumefunga vizuri, tumefungua vizuri, mvua imenyesha mpaka choo cha jirani kimeanguka. Habari kubwa: binti yangu ni mjamzito. Ndiyo, Somo wa Mama. Atajifungua Oktoba, Mungu akipenda. Unakuwa babu, bwana mkubwa, na nywele zako ulizozikimbiza huko Marekani zitakufuata.

Sasa unasema "yameshapita." Yamepita wapi? Labda yamepita huko na kuja kukaa huku.

Mama amenihadithia mara moja tu na hataki kurudia. Anasema yule nesi alimpigia mkalimani kwenye simu, na mkalimani akamwambia mama mtu mzima, bila hata kumuandaa, "mjukuu wako ana risasi mwilini." Mama akapiga ukelele: nani amempiga? Akamvua mtoto nguo atafute tundu. Alipoeleweshwa kwamba si risasi ya bunduki, ni risasi ya madini, ndipo wakamuuliza anampaka nini. Naye kwa heshima zake akasema wanja. Ummu akauchukua mkoba wake, akakitoa kijaluba cha wanja mbele ya nesi, mbele ya huyo Ferdinand wako aliyekuja kula, akakiweka mezani. Kijaluba cha shaba, Khalfan, cha bibi yetu. Nesi akakitia kwenye mfuko wa nailoni. Nilimuuliza Mama, na Khalfan alisema nini? Akasema, "Alikuwa anaangalia sahani."

Alirudi huku na risasi kinywani, maana wenzake walimuuliza mbona umewahi, akasema mtoto alikutwa na risasi. Wakaja na mikeka kutupa pole, wanadhani Nuha kapigwa. Ningecheka kama Mama asingekuwa pale amejiinamia.

Na tangu hapo hashiki mtoto wa mtu. Mama yetu! Watoto wa mtaa huu wameogeshwa na mikono yake, hata wewe mwenyewe ulipokuwa hutaki maji. Jirani kamletea kichanga wiki jana, Mama akarudisha mikono nyuma, akasema, "Nitawaulia." Somo kalia siku nzima. Anasema kama bibi hatamwogeshea mwanawe, nani atamwogeshea?

Ngoja nikwambie kitu kimoja cha kufurahisha kidogo, usije ukasema nakugombeza tu. Yale mafuta yako hata Mama anayasifu. Anasema alilikuta lile kopo la njano la maziwa ya unga kwenye rafu ya gereji, pembeni ya mashine ya kufulia, akasoma: nta ya Tabora, mafuta ya kondoo. Moyo ukamfurahi. Akasema mwanangu kaniwekea, kwani nani mwingine humo ndani anasoma Kiswahili? Ummu kakulia huko, anakisikia tu. Basi ndiyo aliyokuwa akimkandia Nuha kifua na mgongo kila baada ya kumwogesha, na yeye magoti yake. Anasema mtoto aliyapenda, alikuwa akilamba vidole. Nusu ya kopo kaja nayo huku. Ingawa hashiki watoto, kalihifadhi Somo akijifungua amkandie.

Nta nitamwambia Laurean.

Dada yako,
Sikujua


Tabora
5 Juni 2024

Khalfan,

Salamu kwanza, nisije nikafanana na wewe. Tuko wazima. Mama anakula kidogo.

Wewe kuandika umeacha. Wazir kapita hapa mara mbili mikono mitupu. Ila ulipiga simu mwanzoni mwa Mei, dakika moja, hata "shikamoo Mama" uliisema ukiwa umeshafika katikati: "Lile kopo litupeni, limeoza." Ukakata. Simu ilikuwa spika. Mama alikuwa ananyoosha kanga, akaikunja, akaenda chumbani. Aliporudi akaniambia, "Ananinyima hata mafuta. Nilichukua bila kumuuliza, ndiyo maana."

Nilikwenda Sikonge kumuona Laurean kuhusu nta yako. Nikamuuliza, nta na mafuta ya kondoo vikichanganywa vinaoza? Mzee alicheka mpaka akashika mzinga. Akaniambia mafuta yanaweza kuchacha, yakanuka, na pua yako ingekwambia. Lakini nta haiozi, mama. Ana bonge la nta kwao alilolikuta kwa babu yake.

Nimerudi nimelifungua. Halinuki. Linanukia mwituni kama siku zote. Lina kijivu kidogo chini.

Sikulitupa. Nimelifungia kwenye sanduku langu la chuma na ufunguo ninao kifuani. Mama nimemwambia nimelitupa, kwa hiyo na mimi sasa umeniingiza kwenye uongo ambao sijui unahusu nini. Niambie.

Sikujua


Springfield
21 Julai 2024

Dada yangu mpenzi,

Assalam alaykum na samahani nyingi. Kazi imetubana, jengo moja viyoyozi vyote vimekufa kwa mpigo na joto la mwezi huu ni la kukaangia yai barabarani. Nimekonda. Ummu mzima. Nuha anakimbia, anapanda ngazi na kushuka kwa matako, anasema "dada" kwa kila mtu. Na nambari imeshuka, dada: kutoka kumi na mbili mpaka saba. Nesi amefurahi.

Nimemtumia Somo nguo za kichanga, kofia tatu, na beseni la kuogeshea linalokunjwa. Mwambie mjomba wake anamuombea. Mama nimemtumia shali na viatu vya wazi, asivae mbele ya wenzake wakamwonea wivu.

Nta usinitumie tena. Mambo ya klabu nimeyaweka pembeni kidogo. Ferdinand ananidhihaki kwamba nimeogopa kushindwa, kwa sababu kuna mzee kaja na mchanganyiko wake wa nta na mafuta ya mnyonyo, anasema utaushinda wangu. Na uushinde. Zamani ningekesha nikifikiria nipunguze nta au niongeze. Siku hizi nikisikia harufu ya nta inayeyuka natoka nje.

Mvua zimeisha huko? Bati la chumba cha nyuma mlirekebisha?

Kuhusu █████████████████████
████████████████████████
███████████████

Mama anakula? Analala? Usimlazimishe kushika watoto, mwacheni apumzike, ni mtu mzima.

Lile kopo, mlitupa kweli? Msilipe mtu. Asilishike mtoto yeyote.

Mdogo wako,
Khalfan


Tabora
28 Agosti 2024

Khalfan,

Sisi wazima. Nguo zimefika, beseni Somo kalipenda. Shali Mama kaiweka kabatini na karatasi yake.

Nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka ishirini na sita. Unadhani mimi ni mtu wa kufutiwa mistari kwa wino? Nimesahihisha madaftari ya watoto wanaofuta kwa mate, kwa mkate, kwa wembe. Nimeishika karatasi yako juani, nikaigeuza. Umeikandamiza kalamu mpaka imeacha mashimo nyuma. Mstari wa kwanza unasema "wanja wa Mama." Wa pili sikuupata. Wa tatu unaishia na "hauna."

Hauna nini, Khalfan?

Nikakaa chini ya dirisha nikaziweka barua zako mbili pamoja. Mtoto kakutwa na risasi. Wewe unayeyusha risasi. Hiyo hukuificha, uliniandikia mwenyewe kwa mbwembwe. Mimi nilisoma nikaona ni mchezo wa watu wenye nafasi. Halafu nakuandikia habari ya kopo, unapiga simu dakika moja. Kopo limeoza. Nta haiozi. Msilipe mtu. Asilishike mtoto yeyote. Hivi kweli unadhani nimekula nini huku hata nisione?

Nataka uniandikie wewe, kwa mkono wako, nisiseme mimi. Na usiniambie hukujua. Neno hilo nimeitwa nalo miaka hamsini na mbili; Mama alinipa kwa sababu hakujua kama nitaishi. Ni jina langu, usiligeuze kuwa kisingizio chako.

Somo amebakiza wiki saba. Mama kaanza kuhamisha vitu vyake chumba cha nyuma, anasema mtoto akizaliwa yeye atakaa huko asimkaribie. Anakunja nguo zake moja moja anapeleka. Mimi nasimama mlangoni na ufunguo kifuani, nikijua kuna neno moja la kumrudisha, na neno lenyewe unalo wewe.

Sikujua


Springfield
22 Septemba 2024

Dada Sikujua,

Leo sina salamu za mzunguko. Ni mimi.

Sufuria niliyoyeyushia nta na mafuta ya kondoo ni ileile niliyokuwa nikiyeyushia risasi. Nilikuwa naikwangua kwa kisu, naifuta kwa gazeti, naona imetakata. Na kuna ubaya zaidi: mafuta yakibaki kwenye sinia baada ya kuzitumbukiza risasi, nilikuwa nakwangua mabaki narudisha kwenye kopo yasipotee. Ule ukijivu ulioona chini ndio huo. Kopo nikaliandika NTA YA TABORA, MAFUTA YA KONDOO. Niliandika kwa Kiswahili nijione mjanja, nikiwaficha watu wasiohusika, nikawa nimemwandikia Mama. Niliandika kila kilichomo isipokuwa risasi.

Mambo yangeishia hapo ningesema ni ajali. Sikiliza yaliyobaki.

Yule nesi, kabla hajauliza habari ya wanja, alikuwa na karatasi ya maswali. La tatu lilikuwa hili: kuna mtu katika nyumba hii anayefanya kazi au mchezo wa kuyeyusha risasi? Nikasema hapana. Ummu hakuwa anajua nafanya nini gereji zaidi ya kusafisha bastola. Alikwishasema akiona moto na madini karibu na nguo za mtoto nitalala nje. Nilimwogopa mke wangu, dada, ndiyo hiyo tu. Nikajiambia gereji iko mbali, nanawa mikono, navua viatu. Nesi akaendelea, swali la nne, la tano, akafika kwa Mama na wanja. Akasema, "Ah, inaweza kuwa hii." Na mimi nikapumua. Mama yangu anavuliwa mkoba mbele ya mgeni, na moyoni nasema alhamdulillah. Sahani niliyokuwa naiangalia ilikuwa na ndizi na nyama. Naikumbuka mpaka leo, na sijaweza kula ndizi.

Kuhusu kopo, wallahi, hilo nimelijua kwako. Barua yako nilisomea garini, nje ya kazini. Nilipofika pale pa kulamba vidole nilifungua mlango nikatapika. Halafu nikafanya nini? Nikakaa siku tatu, ndipo nikapiga simu na uongo wa kuoza. Nilitaka kopo liondoke na siri ibaki.

Tarehe kumi na moja Juni majibu ya maabara yalikuja kwa posta, na kijaluba ndani. Wanja wa Mama hauna risasi. Hauna kabisa, ni masizi na mafuta kama alivyosema mwenyewe. Ndiyo mistari niliyofuta. Ile karatasi na kijaluba nilivificha kwenye sanduku la kalibu. Ummu akaendelea kuwahadithia rafiki zake kwenye simu habari ya wanja wa mama mkwe, nami napita na glasi ya maji.

Barua yako ya Agosti ilipofika nilimwambia Ummu siku hiyo hiyo. Hakupiga kelele. Alimfunga Nuha kwenye kiti cha gari, akaenda kwa kaka yake Upper Marlboro, akakaa siku tisa. Nilimpigia nesi mwenyewe nikamwambia nilidanganya swali la tatu. Walikuja, wakafuta sakafu ya gereji kwa vitambaa vyao, kila kitambaa kilikutwa na risasi: karibu na mashine ya kufulia, kwenye rafu, kwenye viatu vyangu. Nimeng'oa rafu. Kalibu na sufuria nimepeleka kwenye kituo wanachopokea vitu vya sumu. Ummu amerudi kwa ajili ya mtoto, amesema hivyo waziwazi. Nambari ya Nuha sasa ni nne. Daktari anasema tungoje, tumwangalie, huenda isiache alama. Huenda. Kila akichelewa kuitika ninapomwita, naganda.

Mpeleke Mama akapimwe damu, naye alijipaka magotini na mikono yake ndiyo iliyokanda. Nakuomba.

Ummu anataka kumpigia Mama kuomba radhi, nimemwambia asubiri kwanza mimi nisomwe.

Namtuma Wazir na majibu ya maabara na kijaluba. Msomee Mama barua hii yote. Usiruke pale pa kupumua.

Naona aibu kuandika neno ndugu.

Khalfan


Tabora
10 Novemba 2024

Khalfan,

Wa alaykum salaam. Somo kajifungua salama tarehe kumi na saba Oktoba, mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu, sauti ya mnadi. Siku tisa za mwanzo alimwogesha jirani, na Mama alikuwa chumba cha nyuma mlango umeegeshwa. Kila mtoto akilia tulikuwa tunasikia kitanda chake kinalia naye.

Siku ya kumi Wazir akaja.

Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nilikaa chini mbele yake nikamsomea, na sikuruka. Habari ya sufuria aliisikiliza akiendelea kutoa chuya. Habari ya swali la tatu, akaendelea. Nilipofika "na mimi nikapumua," mkono ukasimama. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Rudia tena." Nikarudia, na hata mimi nilikuwa nimekuchukia mpaka nasikia joto masikioni. Tukamaliza. Akauliza kitu kimoja tu, na hakuuliza juu yako. "Kwa hiyo ni mimi niliyempaka?" Nikamwambia, Mama, ulipaka kilichoandikwa.

Kisha akasema, "Hukulitupa." Ananijua. Nikalitoa kopo sandukuni. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti kama anasoma tangazo: nta ya Tabora, mafuta ya kondoo. Akasema, "Mwandiko mzuri. Nilimpeleka shule mimi." Akaomba kalamu ya Somo, akaandika chini yake herufi kubwa: RISASI. Nikalipeleka kwa daktari likafungwe vizuri, naye akamtoa Mama damu. Imepelekwa Dar, bado majibu. Unangoja na sisi tunangoja.

Alipotoka kwa daktari alinawa mikono kwa sabuni mpaka viwikoni, mara tatu, akaita, "Somo! Lete huyo mtoto, na maji yawe vuguvugu, si kama mnavyomuunguza." Khalfan, alimwogesha kwenye lile beseni lako la kukunjwa. Alimshika kichwa kwa kiganja, akamgeuza kama anavyojua yeye, mtoto akanyamaza kimya. Mama akalia na maji yakimtiririka mikononi, Somo akalia, mimi nikaenda jikoni kulia peke yangu kwa sababu nina heshima zangu. Mafuta hakumpaka. Kamkanda kwa mikono mikavu. Anasema atakaa hivyo kwanza.

Ummu alipiga simu Ijumaa. Walilia wote wawili, spika ikiwa wazi, kwa hiyo Ng'ambo nzima sasa inajua wanja wa Mama, Bi Mwatime wao, ni safi. Hilo limekwisha.

Lako halijaisha. Nilimuuliza kama amekusamehe. Alikuwa ameshika ile bahasha ya kijaluba, hajaifungua. Akanirudishia, akasema, "Kilitolewa mkobani mwangu mbele ya watu, na yeye amekaa. Hakiji kwa mkono wa Wazir. Akilete yeye, mbele ya watu, aseme." Nikamwambia nauli ni kubwa na likizo zao ni fupi. Akasema, "Sikumuuliza habari ya nauli."

Kwa hiyo nakirudisha. Kimo ndani ya soksi ya mtoto kisigongwe, juu nimefunga kwa uzi mwekundu. Usimpe mtu mwingine akilete. Na usiandike tena barua ya kuomba radhi, karatasi imetosha.

Mama hakai akikungoja, usije ukajidanganya. Ila jana, akichambua mchele, aliniuliza siku hizi ndege ya kutoka Dar inatua Tabora siku zipi. Nikamtajia. Akaniambia niandike ukutani, pale juu ya mtungi, ambapo anaweza kuona bila miwani.

Dada yako,
Sikujua